Kabla ya Kuchemsha, Uliza Maji Yanatoka Wapi

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mzazi unayeishi mjini, bila shaka kuna sufuria moja jikoni mwako ambayo haipikiwi ugali wala mboga. Kazi yake ni moja tu, kuchemshia maji ya kunywa. Kwangu ni ile kubwa yenye kifuniko kilichobonyea. Kwa zaidi ya miaka saba nimeiinjika motoni kila jioni watoto wakishalala, nikangoja maji yatokote, nikayafunika, kisha nikaenda kujilaza nikijua kwamba wajibu wangu nimeutimiza.

Nilijivuna, sitakuficha. Jirani akilalamika kwamba mwanawe anaendesha, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumuuliza, "Maji mnachemsha?" Mgeni akiomba maji, nilimletea na kumwambia hata kabla hajauliza, "Kunywa bila wasiwasi, yamechemshwa hayo."

Basi muhula uliopita wahudumu wa afya walizuru shule anayosoma binti yangu mwenye umri wa miaka minane, wakawakagua watoto meno. Alirudi nyumbani na kikaratasi kilichosema apelekwe kwa daktari wa meno. Meno yake ya mbele, yale ya kudumu yaliyoota baada ya yale ya utotoni kung'oka, yana mistari myeupe kama chokaa, na juu yake madoa yenye rangi ya chai ya rangi. Mimi nilikuwa nimeyaona siku nyingi, nikadhani ni uvivu wa kupiga mswaki. Nilimgombeza mara ngapi! Asubuhi moja nilimsimamisha mbele ya kioo nikamwambia asugue mpaka yang'ae. Akasugua hadi ufizi ukatoka damu, na madoa yakabaki pale pale.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama kinywani kwa muda usiozidi dakika moja. Hakuuliza juu ya mswaki wala peremende.

"Mama," akaniambia, "nyumbani mnakunywa maji ya wapi?"

"Tunachemsha, daktari," nikajibu haraka, kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Sijauliza kama mnachemsha. Nimeuliza ni maji ya wapi."

Nikamweleza kuwa tunaishi viungani mwa jiji, mahali ambapo mabomba ya jiji hayajafika, na kwamba mwenye ploti amechimba kisima kirefu cha mashine. Maji yake ni maangavu kama kioo. Akauliza tulihamia huko lini. Nikasema huyu alikuwa bado anatambaa. Akavua miwani.

"Basi mwache mtoto, usimgombeze tena. Madoa haya hayakuletwa na uchafu, wala mswaki hautayatoa. Ni floraidi ya maji ya kisima chenu. Na hiyo, mama, haichemshiki."

Nilikuwa nimempakata mdogo wake, wa miaka miwili, ambaye muda huo wote alikuwa akitafuna ncha ya leso yangu. Daktari akamnyooshea kidole. "Huyu meno yake ya kudumu yanaundwa sasa hivi, ndani ya ufizi, hatuyaoni. Yatakayoota miaka minne ijayo yatategemea utakachompa kuanzia leo."

Msomaji, nilirudi nyumbani nikaiangalia ile sufuria kama mtu aliyesalitiwa.

Hebu nikueleze nilichojifunza tangu siku hiyo, kwani naamini hatuko peke yetu. Floraidi ni madini yaliyomo katika mawe. Ikiwa kidogo ni rafiki wa meno, na ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, huliharibu jino lingali linaundwa, hata linapochomoza huwa tayari lina doa. Hatari hiyo humkabili mtoto tangu kuzaliwa mpaka anapofika miaka minane hivi. Mtu mzima ambaye meno yake yameshakomaa hawezi kupata madoa hayo hata akihamia pale pale kisimani, ingawa floraidi ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi huumiza na mifupa pia.

Ardhi ya Bonde la Ufa na nchi inayopakana nalo ni ya volkeno, na mawe ya namna hiyo yana floraidi kwa wingi. Maji yakikaa chini ya ardhi miaka na miaka yakigusana na mawe hayo, huinyonya. Ndiyo maana wenyeji wengi wa Nakuru, Gilgil, Naivasha na Baringo, na hata wa Arusha ng'ambo ya mpaka, wana meno ya kahawia. Sisi wa Nairobi tulizoea kumtania mtu wa namna hiyo na kukisia alikotoka. Kumbe visima virefu vingi vya Nairobi na viunga vyake navyo vina floraidi kupita kiasi, nasi tunavichimba kila siku kwa sababu mifereji imekauka. Utani huo sasa umeturudia.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita moja. Nilipeleka maji yetu kupimwa katika maabara, na baada ya juma moja nikapewa majibu: miligramu 2.8. Viini vya magonjwa? Hakuna hata kimoja kilichoonekana. Yaani kwa miaka saba nimekuwa nikichoma gesi kuua wadudu ambao hawakuwamo, na adui aliyekuwamo nikimwongezea nguvu. Fanya hesabu mwenyewe. Maji yakitokota muda mrefu, mvuke hupaa lakini madini hubaki. Ukianza na lita tano zenye 2.8, ukachemsha mpaka zikabaki lita nne, sasa unakunywa 3.5. Nami nilikuwa nikiyaacha yatokote robo saa nzima, eti ndiyo bidii!

Tafadhali usinielewe vibaya ukaizima stovu yako leo. Kuchemsha ni jambo jema sana, na kwa jamaa wengi wanaosoma ukurasa huu ndiko kunakofaa hasa. Ninachosema ni kwamba kila maji yana ugonjwa wake, na kila ugonjwa una dawa yake. Hakuna anayekwenda kwa daktari akaomba dawa kabla ya kusema anaumwa wapi.

Chukua maji ya mfereji wa jiji la Nairobi. Hayo hutoka mbali, katika mito inayoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Bwawa la Ruiru ni la mwaka 1938, Sasumua ni la miaka ya 1950, na Ndakaini, lililo kubwa kuliko yote hayo, lilikamilika mwaka 1994. Maji ya mito hiyo hayakukaa na mawe chini ya ardhi, kwa hivyo floraidi yake ni ndogo. Husafishwa huko Ngethu, Sasumua na Kabete na kutiwa klorini, nayo hutoka mitamboni yakiwa mazuri. Taabu huanza njiani.

Wewe unajua jinsi maji yanavyoletwa kwa zamu, siku mbili yapo, siku nne hayapo. Bomba likiwa limejaa, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje, na uchafu haupati nafasi ya kuingia. Likiwa tupu, kila ufa mdogo hugeuka mdomo unaofyonza. Sasa kumbuka mabomba ya plastiki yaliyounganishwa usiku katika baadhi ya mitaa, yanavyokatiza ndani ya mitaro ya maji machafu. Zamu ikirudi, maji ya kwanza kutoka mferejini huwa yamebeba yote yaliyofyonzwa. Ndiyo maana nakushauri uyaache yatiririke kwanza, uyatumie kwa kudeki au chooni, na ya kunywa uyakinge baadaye yakishatakata.

Kipindupindu hakichagui mtaa. Mwaka 2017 kiliwapata hata watu waliokula katika hoteli za fahari jijini Nairobi, na mlipuko uliotangazwa Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi hadi mwaka uliofuata. Homa ya matumbo nayo ni mgeni asiyeaga. Julai 2025 serikali iliendesha kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi tisa hadi miaka 14 dhidi ya homa hiyo. Wangu wawili walidungwa, wakalia, yakaisha. Lakini chanjo haimzuii mtoto kuendesha kwa sababu ya viini vingine vilivyomo majini, kwa hivyo wenye mfereji wachemshe, au watie klorini.

Na kuchemsha kwenyewe si kazi ya kumaliza mtungi wa gesi. Viini hufa hata kabla maji hayajatokota vizuri. Kwa sisi wa Nairobi dakika moja tangu yaanze kutokota kwa nguvu inatosha. Walio juu zaidi ya mita 2,000, kama vile Limuru na Nyahururu, ambako maji hutokota yakiwa na joto pungufu, wangoje dakika tatu. Wanafunzi wanaotumia birika la umeme bwenini wasihofu, birika likijizima lenyewe maji yametokota. Yakiwa na tope, yaache kwanza yatuame, kisha uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa ndipo uyainjike.

Anayetumia klorini ya maji ya kunywa inayouzwa madukani afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, akoroge, angoje dakika 30. Watu wengi huikimbia kwa sababu ya harufu. Mama mmoja mtaani kwetu alinunua chupa nzima, akatia mara moja, akaimwaga iliyobaki kwa kuwa watoto walisema maji yananuka kama bwawa la kuogelea. Msomaji, harufu ile hafifu ndiyo mlinzi. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Mkono mchafu ukiingia yameharibika tena. Yenye klorini bado yanaweza kupigana kwa siku moja hivi. Ukiyaacha wazi kidogo katika chombo safi harufu hupungua.

Na kwa mwanafunzi ambaye mfuko umetoboka, jua halitozi senti. Jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ilaze juu ya mabati kwa saa sita jua likiwaka. Mawingu yakitanda, iache siku mbili mfululizo. Mionzi ya jua na joto huua viini. Njia hii imewahi kufundishwa Kibera na imewafaa watu. Chupa iliyokwaruzika au maji yenye vumbi hayafai, kwani mwanga haupenyi.

Sasa wale wa mkokoteni. Kijana analeta mitungi kumi ya rangi ya njano mlangoni, jasho likimtiririka, nawe una nguo za kufua na unga haujakorogwa. Nani atakayeanza kumhoji? Lakini mhoji, kwa adabu. "Kijana wangu, haya umeyateka wapi leo?" Nimegundua kwamba yule wa kwetu hutoa jibu tofauti kila wiki, na hafanyi hila, maana huteka popote palipo na maji. Siku nyingine ni mfereji, siku nyingine kisima, siku nyingine lori. Maji ya aina hiyo lazima uyachukulie kuwa na viini. Mengine yanaweza kuwa na floraidi pia, kwani malori mengi hujaza visimani. Nusa pia mtungi wenyewe. Mingi ilikuja nchini na mafuta ya kupikia, na hiyo haina neno ikioshwa vizuri. Ikiwa una harufu ya rangi, ya dawa ya shambani au ya mafuta ya gari, usiuchukue hata ukipunguziwa bei.

Wenye visima vifupi vya kuteka kwa kamba, kama vile mitaa ya Manyatta na Migosi huko Kisumu, wana shida ya aina yake. Choo cha shimo kiko hapa, kisima kiko pale, na ardhini hakuna ukuta. Viini unaweza kuviua, lakini naitreti zinazotoka chooni hazifi kwa moto, nazo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Kwa mtoto huyo tafuteni maji mengine kabisa. Ya kisima yabaki ya kufulia.

Nyumbani kwetu tulifanyaje? Usiku ule baba watoto alisema tuhame. Nikamuuliza tuhamie wapi, na kodi ya huko nani atailipa. Akanyamaza. Mimi nikasema tununue chujio, lile la mshumaa wa udongo linalokaa juu ya meza. Bahati nzuri nilimpigia daktari simu kwanza. Akasema chujio la namna hiyo ni zuri kwa viini na vumbi, lakini floraidi hupita humo kana kwamba mlango uko wazi. Klorini haifanyi lolote, na mkaa wa kawaida vivyo hivyo. Zinazoweza ni mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno, au machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa ustadi maalumu, ambayo yametumika Nakuru kwa miaka mingi. Mifupa huikamata floraidi, lakini baada ya muda hushiba, na ni lazima ibadilishwe. (Usijaribu kuichoma uani kwako. Ikichomwa vibaya maji huwa na uvundo, na majirani watakuita majina.)

Mashine ya utando ya nyumbani hatukuiweza. Siku hizi, hata hivyo, karibu kila mtaa una duka linalosafisha maji kwa mashine hizo na kukujazia chupa yako ya lita 20. La kwetu hutoza shilingi 120. Familia ya watu wanne, kwa kunywa na kupika, tunamaliza chupa moja kwa siku mbili, na kwa mwezi ni shilingi 1,800. Unaona mwenyewe kwamba ni pesa. Tena nilipouliza kama naweza kunywesha maji hayo na kupikia yale ya kisima, daktari alicheka. Uji ni maji. Ugali umekunywa maji, maharagwe yamekunywa maji saa mbili nzima. Chai nayo huongeza floraidi yake kutoka kwenye majani. Na hapo ndipo nilipoulizwa swali ambalo sikulitarajia: "Githeri unalainishia nini?" Magadi, nikasema. Mpenzi msomaji, magadi yetu yana floraidi nyingi sana. Nimeacha kuyatumia. Maharagwe nayaloweka usiku kucha, na yanaiva.

Tulikubaliana hivi. Chupa ya dukani ni ya mtoto mdogo kwanza, maji yake ya kunywa, uji wake na chakula chake. Wa pili ni dada yake, maana magego yake ya nyuma bado hayajamaliza kuundwa. Kinachobaki ndicho chetu wakubwa. Mwezi ukiwa mgumu, mimi na baba watoto tunakunywa ya kisima. Daktari alituambia kwamba kwa kiwango kama chetu mtu mzima hana haja ya kukosa usingizi, bora isiwe ndiyo desturi ya maisha. Huenda mtu akaona ni ubaguzi nyumba moja kunywa maji ya namna mbili. Kwangu mimi ni sawa na kumgawia mtoto kipande cha nyama kilicho laini.

Halafu mvua. Hapa ndipo ninapojuta zaidi, kwa kuwa tiba iliyo rahisi kuliko zote ilikuwa ikimwagika mtaroni mbele ya macho yangu. Maji ya mvua hayakugusa mwamba wowote, floraidi yake ni kama hakuna. Ukichanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima chetu cha 2.8, unapata 1.4, na umeshaingia ndani ya kikomo. Wapangaji sita tulimwendea mwenye ploti tukiwa na karatasi ya maabara mkononi. Kwanza alikasirika, akadhani tunatafuta sababu ya kupunguziwa kodi. Mzee mmoja kati yetu akamwambia kwa upole, "Mwenye nyumba, na wajukuu zako si wanakunywa hapa hapa?" Aliichukua ile karatasi akaisoma tena. Siku kumi baadaye fundi alikuja kutundika mifereji ya bati kandokando ya paa na kuweka tangi.

Ukitaka kufanya hivyo, mvua ya kwanza iache ioshe paa, na ile inayofuata ndiyo uikinge. Paa la bati safi linafaa, lakini lenye rangi inayobambuka au la asbesto lisikingiwe ya kunywa. Na kwa kuwa njiwa hawaombi ruhusa, maji hayo ni lazima uyachemshe au uyatie klorini kama yale ya mfereji. Sufuria yangu, basi, imerudi kazini.

Juu ya maduka ya kujaza maji na maji ya chupa kwa jumla, usidanganywe na picha ya mlima uliofunikwa na theluji. Tafuta alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali. Unaweza kutuma ujumbe mfupi kwa 20023 ukianza na SM# kisha nambari hiyo, na utajibiwa kama kibali ni halali. Katika duka la kujaza, omba kuona majibu ya maabara ya hivi karibuni, na uangalie hasa mstari wa floraidi. Mwenye duka mwaminifu huyabandika ukutani. Wa kwetu wa kwanza alianza kunieleza habari za ndugu yake anayefanya kazi serikalini, nikachukua chupa yangu tupu nikaenda zangu. Kumbuka vilevile kwamba maji ya mashine hizo hayana klorini iliyobaki. Chupa ikiwa chafu, au bomba la kuchotea likiwa na utelezi, pesa zako zimekwenda bure.

Kupima maji ya kisima si jambo la mabwanyenye. Maabara ya Mkemia wa Serikali hupima, KEBS hupima, na kampuni nyingi za maji zina maabara zake. Peleka katika chupa safi, ueleze wazi kwamba unataka kipimo cha floraidi pamoja na cha viini, kwa sababu usipotaja huenda ukapimiwa viini peke yake ukarudi umefurahi bure. Wapangaji wakichangishana, gharama haimlemei mtu. Kipimo cha floraidi kikifanywa mara moja kitakusaidia muda mrefu, kwani mwamba haubadiliki kila wiki. Viini ndivyo vinavyobadilika, hasa msimu wa mvua.

Nilitaka kumaliza hapa lakini kuna jambo la kikombe. Kule Nyanza, kabla na baada ya mwaka 2000, wafinyanzi walifundishwa kufinyanga mitungi ya udongo yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo chini, ili mtu asiweze kuzamisha mkono. Maji yalibaki baridi, kama watu walivyoyapenda tangu zamani, na mikono ikabaki nje. Nyumba nyingi za mjini zina ndoo pana na kikombe kimoja kinachoelea humo, kila mtoto akitoka kucheza anachota, na vidole vinaoga. Maji uliyoyahangaikia jioni nzima huharibika hivyo kwa sekunde mbili. Tafuta chombo chenye bomba, au mimina kutoka kwenye mtungi wenye mdomo mdogo.

Msomaji wa Kayole aliuliza kwenye simu kama meno yenye madoa yanaweza kurudi kuwa meupe. Jibu la daktari wetu ni kwamba madoa mepesi yanaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa kitaalamu, na mazito yanaweza kufunikwa, ila ni kazi ya gharama na wengi hushauriwa wangoje mtoto akue kidogo. Wangu tumeambiwa turudi atakapokuwa na miaka 14. Nimemwomba msamaha kwa ile asubuhi ya kioo. Akaniuliza kama mdogo wake naye atakuwa na meno kama yake. Nikamwambia tunajaribu yasiwe. Siku hizi ndiye anayesimamia ile chupa ya dukani, na ole wake babake akionekana akijimiminia.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutapanda juu ya paa tuangalie ndani ya tangi. Njoo na ngazi.